Karatasi ya Kaboni

Walikuwa wawili, na jiko lilikuwa moja.
Inspekta Lahtivirta wa Polisi ya Usalama
alipewa upande wenye joto kwa ajili ya mapafu yake;
Kapteni Hägglund wa upelelezi wa jeshi
hakuvua koti, kofia gotini,
kama mgeni asiyekusudia kulala.
Mimi nilikuwa dirishani na taipureta,
glovu zangu nimezikata ncha.
Nje, ziwa Ladoga limeganda hadi macho yanapokoma,
malori yanapita juu yake taa zimezimwa.

Sortavala, Januari ya arobaini na tatu.

Aliyeianzisha kesi ni muuguzi, Hilja Pesonen.
Alichoma sindano ya mofini mara tatu
na kijana aliyekuwa akikatwa mguu
akaendelea kumwita mamake kwa sauti ya ndama.
Hilja akavunja kichupa cha nne, akaonja.
Chumvi kidogo. Maji.

"Andika: maji," Inspekta aliniambia.
Nikaandika maji.

Wiki tatu walishirikiana.
Jeshi lilitoa daftari la bohari,
Polisi wakatoa mtu wa kusoma miandiko.
Jeshi likatoa gari; petroli ikabishaniwa siku mbili.
Kapteni alileta sukari halisi kwenye karatasi ya gazeti,
chai yetu ya majani ya stroberi ikakaribia kuwa chai.
Hakuna aliyemwamini mwenzake,
lakini kila mmoja alimsogezea mwenzake kibiriti.

Mwandiko ukasema: saba zenye mkia.
Boharini ni mtu mmoja tu aliyeitia saba mkia,
Sajini Uimonen,
yule acheka kwa mabega,
aliyewahi kuniletea soksi za sufu bila kuulizia kitu.
Walifumua sakafu yake, wakakuta kahawa kilo sita,
kahawa ya kweli.
Waliporudi harufu iliingia kabla yao,
nami, Mungu anisamehe, nilifumba macho nikaivuta.

Uimonen hakukana, hakukiri.
Alimtazama Kapteni.
Mtazamo ule haumo kwenye kumbukumbu za kikao.
Taipureta yangu haina herufi yake.

Jioni Kapteni akaja na jalada jembamba.
"Huyu ni wetu," alisema.
Mofini ilikuwa ikivuka barafu usiku
kumwendea daktari wa upande wa pili,
na kwa kila kichupa daktari alirudisha kijikaratasi:
kikosi gani, mizinga mingapi, wanahamia lini.
"Jalada hili limeokoa watu mia mbili."
Inspekta alisoma polepole, akikohoa.
"Na yule kijana wa mguu?"
"Anaitwa nani?" Kapteni akauliza,
wala hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua.
Inspekta akafunua faili, akafunua, akafunua.
Ilibidi nimtajie mimi:
Arvi Kähönen. Miaka kumi na tisa. Alikufa siku ya nne.

Husemwa mafahali wawili hawakai zizi moja.
Nimewaona wakikaa.
Walimlalia ndama.

"Imefungwa kwa maslahi ya vita," nakala tatu.
Wakapeana mikono juu ya jiko.
Uimonen alirudi boharini akiwa na funguo zake,
na sukari iliyobaki nikaachiwa mimi.

Kila jioni kazi yangu ni kuchoma kaboni.
Usiku ule niliiinua kwanza dirishani,
weupe wa theluji ukapenya:
sentensi juu ya sentensi, wiki tatu, hakuna kinachosomeka,
isipokuwa neno moja, tulilolipiga mara nyingi
hadi karatasi ikatoboka pale.

Mlango ukagongwa. Hilja, aproni bado ina damu ya mtu mwingine.
"Wameamua nini?"
Sikuwa na ruhusa ya kusema.
Nikampa ile kaboni.
Aliishika kwa ncha mbili, akaielekeza kwenye mwanga,
vidole vyake vikaanza kuwa vyeusi.

Jiko lilikuwa bado na moto.
Hakuna kati yetu aliyelisogelea.