Mizani Kumi na Moja

Asubuhi napima asali ghalani Ipuli:
ndoo juu, mshale unatetemeka, unatulia, naandika.
Jioni, ghala lilelile, madebe tumeyasukumia ukutani,
viti vinne vinatazamana,
na mizani ninayoihesabu si ya kilo.

Mhoja huja na sello mgongoni, juu ya baiskeli.
Watoto wa Isevya humkimbilia: "Mwenye jeneza! Mwenye jeneza!"
Sello ina ufa tumboni, tumeuziba kwa nta.
Zuwena hufunga cherehani yake Kachoma
akaja na fidla, na matundu ya sindano vidoleni.
Lushinge ana klarineti. Mstaafu wa bendi ya polisi,
kwake kila kitu ni gwaride.
Mimi nina fidla nene, ile ya katikati,
ambayo watu huuliza: na hii nayo ni ya nini?

Wiki za mwanzo tulipiga kama watu wanne
wanaogombea mlango mmoja.
Hatuna wa kusimama mbele apunge fimbo.
Lushinge akajitolea kugonga kiatu sakafuni, moja, mbili,
hadi Zuwena aliposema,
"Vua hicho kiatu, au nenda nacho nyumbani."
Miezi miwili akapiga na soksi.

Tulibishana hata juu ya neno moja, *polepole*.
Polepole ya nani?
Ya treni ya Mpanda,
au ya mgonjwa anayetoka Kitete kwa miguu yake mwenyewe?
Penseli ikafuta, ikaandika, ikafuta,
karatasi ikatoboka pale palipoandikwa polepole.

Kisha jioni moja Zuwena akasema, kama anayejisemea,
"Mimi kabla ya kukanyaga cherehani huvuta pumzi.
Nitazameni mabega."
Tukatazama mabega.
Nikajua Mhoja hufumba jicho la kushoto kabla ya kuingia.
Nikajua Lushinge hulamba mdomo mara mbili,
mara tatu akiwa na wasiwasi.
Nami wakaniambia langu: napandisha nyusi,
kama niliyeonja asali iliyotiwa sukari.

Shida yangu ilikuwa sehemu ya pili.
Hapo nina mizani kumi na moja ya kimya.
Kimya kingi kina mshindo, waliniambia.
Mshindo niliusikia mmoja tu, wa moyo wangu,
moja-mbili-tatu, mbili-mbili-tatu,
kama mdaiwa ahesabuye siku,
na wenzangu wakipita mbele yangu na utamu wote
sikusikia hata tone.

Septemba, ukumbi wa shule, vumbi, joto kavu,
nyuzi zimekaza kama kamba za kuanikia.
Watu thelathini na wawili. Na mlinzi.
Sehemu ya pili. Nikashusha fidla, nikaanza: moja.
Kwenye ya sita Lushinge akaruka.
Nilimwona akijua. Ulimi: mara tatu, mara nne.
Mhoja akaishika nota ya chini, hakuiachia,
kama mtu anayezuia mlango kwa mguu
mwenzake aliyechelewa apite.
Zuwena akapinda kidogo, akamngoja.
Na hesabu yangu, niliyoitunza miezi mitano,
haikuwa na kazi tena.

Nikaiacha.
Nikasikia, kwa mara ya kwanza, kile wanachokisema pale
ninapokuwa kimya: wanaulizana.
Mabega ya Zuwena yakapanda,
nyusi zangu zikapanda,
nikaingia,
nikawakuta wote watatu wamo ndani.

Ilikuwa mizani kumi, au kumi na mbili.
Sijui hadi leo, mimi mpimaji.

Jumatatu, ghalani. Foleni mpaka nje.
Ndoo juu, mshale unatetemeka,
unatulia,
nami bado nimeinamisha sikio.
"Dada," mwenye ndoo akasema, "imeshatulia.
Andika."