Glavu Mwishoni

Saskatoon, Januari. Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Kanuni yetu inasema: zikifika ishirini na saba, hakuna kutoka.
Kwa hiyo tunatoka.

Wako kumi na sita, wa miaka mitatu na minne.
Suruali za theluji kwanza, kisha buti, kisha koti,
kofia, skafu,
glavu mwishoni.
Ukianza na glavu umejifunga mwenyewe:
kidole gumba kitakikataa chumba chake,
na zipu haivutwi na mtu asiye na vidole.
Hilo sikufundishwa chuoni.
Nilifundishwa na Marivic siku yangu ya kwanza,
kwa jicho tu, kapiga magoti kwenye tope la buti,
glavu mbili kazing'ata mdomoni
mithili ya paka ahamishaye watoto.

Dakika thelathini na tano za kuvaa.
Wa kumi na sita akishafungwa hadi puani
wa kwanza ananivuta shati:
"Zai, kojo."

Jirani yangu wa ghorofa ya tano, mtu mwema,
aliniuliza kwenye lifti: miaka miwili chuoni,
mtu anasomea nini cha kucheza na watoto?
Mlango ulifunguka kabla sijapata jibu.
Tangu hapo namjibu kila nikipanda peke yangu.
Namwambia kuhusu Teodor,
ambaye baba yake huenda mgodini wiki mbili, akarudi wiki mbili,
na ambaye tangu Septemba hakutamka neno.
Kila asubuhi nilikaa karibu naye sakafuni,
si karibu sana,
nikapanga matofali yangu ya mbao, yeye yake.
Sikumuuliza rangi. Sikumuuliza hii ni ngapi.
Tarehe kumi na tisa Novemba, saa nne kasorobo,
alichukua tofali lake moja akaliweka juu ya langu.
Nikaliandika daftarini kwa mkono unaotetemeka.
Ndicho nilichosomea, jirani. Kusubiri.

Alhamisi, mzazi wa mwisho akishaomba radhi na kuondoka,
tunafanya kikao kwenye viti vyao,
magoti yakitugusa kidevu,
wanawake watano wazima wenye migongo ya wachukuzi.
Oksana anasoma daftari la ajali:
Wren kang'atwa mkono, jina la aliyemng'ata haliandikwi,
ingawa Wren mwenyewe keshalitangaza mji mzima.
Gundi imekwisha. Homa ya matumbo imeingia chumba cha watoto wachanga.
Nani atashika zamu ya Ijumaa?

Ndipo Marivic akasema.
Miaka kumi na moja, akasema kwa sentensi moja:
amepata kazi ghalani, kupanga vifurushi,
dola nne zaidi kwa saa,
na maboksi hayalii.

Hakuna aliyemlaumu. Kimya kile kilikuwa cha hesabu,
kila mtu na kodi yake, kila mtu na nauli yake,
nne mara nane, mara ishirini na mbili.
Oksana akainuka aende kumkumbatia,
na kiti kikainuka naye, kimemganda nyonga.
Tulicheka hadi tukashika kuta.
Marivic alifuta macho kwa mkono wa sweta,
palepale penye rangi ya kijani iliyokauka.

Jumatatu amekuja msichana mpya, Jocelyn,
cheti chake bado kinanukia wino,
viatu vyeupe, Mungu amsaidie.
Ameanza na glavu.
Ningemwambia, lakini nina Wren kati ya magoti,
na mdomo wangu umejaa sufu
yenye ladha ya chumvi na kamasi za mtu.
Namtazama tu.
Anasita. Anamvua mtoto glavu, moja, ya pili,
anatafuta pa kuziweka.

Nje, ishirini na sita.