Chini ya Kidevu

Wanakiita pweza, sijui kwa nini.
Pweza ana mikono minane, hiki kina mmoja tu:
mpira wa njano unaopita ubavuni
na kuishia kwenye mdomo usio na mwenyewe.

Nilikifungua mezani, karakana ya zimamoto,
nikakuta kiwambo, wenzo, springi ndogo kama ukucha,
na skrubu iliyokazwa kidogo kuliko ile ya kwangu,
makusudi, kisibubujike ovyo kinapoburuzwa.
Kigumu kidogo, cha mgeni.
Kirefu zaidi, cha mgeni.
Cha njano, maana anayekufa hasomi maandishi.

Afisa Mutindi alitufunza Julai,
bwawani Kasarani, maji baridi kama deni.
"Hewa ikikuishia, pitisha kiganja kooni, hivi.
Mwenzio atakupa cha njano.
Mshike mkanda wa bega. Puliza kwanza, ndipo uvute.
Mtazamane. Pandeni polepole."
Tukarudia mara arobaini, mimi na Wafubwa,
kwa adabu, kama watu wanaopokezana chumvi mezani.

Siku ya mwisho akatuziba barakoa kwa karatasi nyeusi
akafunga mtungi wa Wafubwa bila kumwambia.

Hakukuwa na kiganja kooni.
Cha njano hakuna aliyekikumbuka.
Mkono ulinijia usoni
ukang'oa kile nilichokuwa navuta.

Nilikunywa bwawa. Nilitoka nikikohoa, nikitukana.
Mutindi amechuchumaa ukingoni, hacheki.
"Mwenye kiu haulizi kabatini mna nini," akasema.
"Hunyakua kikombe kilicho mdomoni mwako,
maana hicho amekiona kikinywewa."

Usiku ule nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli,
nikafunga kitanzi, nikakivaa shingoni
na cha akiba kikaning'inia chini ya kidevu.
Mpira mrefu nikauhamishia kwenye kile ninachovuta.
Atakayekuja, achukue hicho,
kimejaribiwa, kina joto la mdomo.
Kisha nikalegeza ile skrubu, robo mzunguko.
Mgeni sasa ni mimi.

Novemba, timbo la Njiru.
Mvua imelijaza hadi kwenye njia ya malori,
maji mazito kama uji wa wimbi,
na juu mama mmoja ameshika kiatu cha mtoto
hataki mtu amwondolee.
Tulipapasa mawe kwa mikono. Mita tisa.
Geji ya Wafubwa ilikuwa imekwama tangu asubuhi,
ikimwambia bado, bado, bado.

Sikumwona. Nilisikia tu vidole, glavu, jino likigonga jino,
na kinywa changu kikabaki wazi, na matope.
Nikainamisha kidevu.
Kumbe ndivyo ilivyo rahisi: kama mtu anayesema ndiyo.
Nikapuliza. Nikavuta.

Tulipanda tumeshikana mabega,
uso kwa uso tusioonana,
mapovu yake yakipita masikioni mwangu
na mtungi mmoja ukitufanyia hesabu sote wawili.

Mtoto tulimpata kesho yake.

Wafubwa hajawahi kulizungumza. Ananinunulia chai,
anaweka sukari yangu bila kuuliza vijiko vingapi.
Nami, nikiosha vifaa kila Ijumaa,
huona kwenye mpira wa mdomo wangu
alama za meno yasiyo yangu, mawili juu, moja chini.
Kipuri kipya kipo stoo. Bei si kubwa.
Sijakiagiza.