Saa Nne za Sololaki

Basi la Batumi linaondoka saa kumi na mbili.
Sasa ni saa nane.
Nina simu yenye chaji ya robo
na orodha ya shangazi Mzevinari,
aliyonisomea usiku kwa kunong'ona
toka jikoni kwa watu, Thesaloniki,
anakomlea bikizee wa Kigiriki
anayeamka hata kijiko kikilazwa.

"Ngome usinipigie," alisema.
"Ngome naiona kwenye kalenda ya wakala.
Nipigie dari ya ngazi zetu, nambari kumi na saba.
Kuna ndege wanne wamechorwa. Hesabu kama bado ni wanne.
Nipigie tanuri la mkate, mtaa wa chini,
na mvuke wa hamamu, ukipigika.
Usikimbie.
La, kimbia. Nauli nimelipa mimi."

Nikakimbia.
Wahenga walisema haraka haina baraka;
wahenga hawakuwa na tiketi.
Mtu mzima, mzaliwa wa nchi hii hii,
nautembea mji wetu mkuu kama mgeni,
shingo juu, nikijikwaa kwenye mawe ya Tbilisi.

Na ngome niliipiga. Nisamehe, shangazi.
Jua lilikuwa limeikalia begani
na kila mtu darajani ameinua mkono
kama darasa zima linalojua jibu.
Nikainua na wangu.

Kisha bwana na bibi kutoka Korea: tafadhali, moja tu.
Moja ikazaa tisa. Upepo, nywele, kofia, tena.
Dakika kumi na moja zikateremka na mto Mtkvari.

Hamamu: kuba za matofali zimechomoza ardhini
kama mikate iliyoumuka.
Mvuke haukupigika. Picha saba, zote ukungu,
moja ina kidole changu.

Mwokaji alikuwa amezama tanurini hadi kiunoni
akibandika unga ukutani mwa moto,
nikampiga visigino.
Akaibuka, uso mwekundu, akanitupia mkate:
"Kula sasa. Ukipoa ni jiwe."
Nikala. Nani angekataa?
Chaji, asilimia tisa.

Nambari kumi na saba imeegemezwa na vyuma,
mlevi kati ya askari wawili.
Ndani, giza na harufu ya paka.
Niliinua simu: weusi. Tena: weusi.
Mlango ukafunguka, ndara zikatangulia,
kisha mwanamke. "Wewe wa nani?"
Nikamtaja shangazi.
Akarudi ndani, nikadhani kanifungia,
kumbe kafuata tochi.
Akainyoosha juu bila neno.

Ndege watatu. Wa nne kaliwa na unyevu,
limebaki bawa, na lenyewe linamenyuka.
Nikapiga. Simu ikazima.

"Kahawa," akasema.
"Basi langu, mama—"
"Kahawa haina basi."
Nikainywa nimesimama, ikaniunguza ulimi,
na ulimi ule ule ukasahau kumuuliza jina.

Kwenye basi kulikuwa na tundu la umeme.
Nilituma zote, ishirini na sita,
nikakaa kungoja sifa.
Gori ikapita. Khashuri ikapita, taa tatu na mbwa.
Kimya.

Jibu lilipokuja halikutaja ngome,
wala visigino vya mwokaji;
ndege hakuwahesabu.
Alikuwa amekata pembe ya picha moja,
akaikuza mpaka ikawa chengachenga:
mkono wa kizee umeshika tochi,
mishipa kama kamba za mzigo,
na kidoleni pete ya jiwe jekundu.

"Lamara," ameandika. "Kumbe yu hai."

Kisha, baada ya vilima viwili:

"Ile pete ni yangu. Nilimwazima siku moja tu,
harusi ya dada yake, miaka ile ya mishumaa.
Ulimuuliza?"

Nikaandika: sikuwa na muda.

"Afadhali," akajibu.
"Nitaifuata mwenyewe."