Siku Ishirini na Nane

Ndani ya sikio la kushoto walijipanga
kama kunde zilizosahauliwa kwenye maji,
kijivu, wamevimba, hawana haraka.
Nikatoa wa kwanza kwa kibano. Nikatoa wa arobaini.
Ofelia Cantú ameshika taya, mimi nahesabu
kwa Kiswahili, maana hesabu
ndiyo ya mwisho kuhamia ughaibuni.
Chupa ya spiriti ikageuka rangi ya kutu.

Wadi ya Tano, Houston, Agosti,
lami inanata kwenye soli.
Mbwa koko hulala chini ya gari lisilo magurudumu,
nyumba tatu zimepigiliwa mbao,
na kupe wa kahawia wanapanda ukuta, wanaingia nyufa:
hawa hawangoji nyasi,
hawa ni watoto wa mjini.

Mpwapwa, baba alikuwa mtu wa josho.
Aliijua ndigana kabla ng'ombe mwenyewe hajaijua.
Mikono yake ilinuka dawa hata siku ya Idi.
Shuleni tulichorewa kupe wa namna nyingine,
ana kofia, ana kitambi, ana sigara,
anamnyonya mkulima.
Nikamuuliza baba, yupi mbaya zaidi?
"Huyo wa ubaoni," akasema. "Haogeshwi."

Daktari Thibodeaux alifunua ufizi:
mweupe, sahani iliyooshwa.
Akageuza tumbo: vidoa vya zambarau,
kama mtu amejaribia kalamu hapo.
Alipochomoa sindano, damu haikujua kukoma.
Kuna kijidudu, akasema, kinaishi
ndani ya askari wa damu wenyewe,
kimepiga kambi kambini.
Dawa ipo. Kidonge kila siku, siku ishirini na nane.
Na sheria ya banda ipo:
mbwa asiye na mwenyewe, siku tatu.

Niliishia darasa la saba,
lakini kutoa huko nilikuweza papo hapo.

Nikampandisha ngazi usiku, ndani ya blanketi,
ghorofa ya pili, ukurasa wa sita wa mkataba
unasema mbwa hapana.
Nikamwita Tutaona.
Kwetu mbwa hupewa jina ili jirani alisikie.
Jirani yangu, Bwana Cleophus,
alidhani ni jina la chakula.

Kidonge ndani ya soseji. Siku ya sita akala wali.
Siku ya tisa ufizi ukaanza kukumbuka rangi.
Siku ya kumi na moja alibwekea mashine ya kufulia
kwa heshima zote.
Siku ya kumi na nne, nikioga,
nikakuta kupe nyuma ya goti langu,
mwembamba bado, anatafuta mahali.
Sikumtukana.
Tulikuwa wapangaji watatu mle ndani,
mwenye mkataba mmoja.

Siku ya ishirini akaja fundi wa mabomba,
akaacha mlango wazi.
Vidonge vinane kwenye kopo.

Nilitembea Barabara ya Lyons mpaka giza,
naita: Tutaona! Tutaona!
Mtaa mzima natishia,
kwa lugha isiyomtisha mtu.
Mama mmoja barazani akaniuliza ni mtoto?
Nikasema siyo. Nikasema ndiyo.
Akanipa maji ya baridi.

Sasa kila magharibi naweka soseji
chini ya lile gari lisilo magurudumu.
Asubuhi haipo.
Huenda ni yeye. Huenda ni mwingine mwenye ufizi mweupe,
aliyeanzia dozi katikati.
Huenda namtibu rakuni.
Ofelia anacheka, kisha anaacha kucheka,
kisha ananitolea vidonge viwili vya ziada
mfukoni mwa koti la kazi,
na mimi sikuona kitu.

Leo jioni mvua imepiga, barabara inafuka mvuke.
Nimeinama chini ya gari na tochi:
matambara, mfupa wa kuku,
nyayo za mbwa kwenye tope, miguu minne yote inakanyaga.
Nimenunua soseji za wiki nzima.