Rangi ya Mafuta

Walikuja Nkuhungu na magari mawili na jenereta,
wakitafuta nyumba ya maskini.
Ya Sechelela inafaa, walisema, ila ni safi mno.
Wakawalipa vijana wauchafue ua
alioufagia alfajiri,
wakapaka masizi ukutani,
wakaleta kuku wao, kuku wa kukodi,
maana wa Sechelela walikuwa wanene.

Ni filamu ya kuchekesha, alisema mwongozaji,
lakini ina ujumbe:
Mgogo na kiwanja chake, mzungu na dola zake,
na dalali katikati kama nyama kwenye sambusa.

Mzungu alikuwa wa kweli,
mwalimu wa huko Kisasa, anadaiwa kodi ya miezi mitatu.
Dalali naye wa kweli, Chilongani wetu,
aligoma kukariri: "Niigize nini? Nitaongea tu."
Mwenye nyumba ndiye aliyetoka Dar,
dada mweupe wa saluni.
Wakampaka kahawia mpaka shingoni,
wakamfundisha kuvuta maneno kama sisi.
Sechelela, nyuma ya kamera, akaninong'oneza:
"Hivi mimi huwa naongea hivyo?"
Nikacheka. Naye akacheka.
Akaombwa atoke nje ya ua wake, sauti inaingia.

Siku ya tatu wakachora X,
nyekundu, kubwa kama mlango,
na chini yake BOMOA, kwa herufi za serikali.
Dada wa Dar akalia vizuri sana.
Wakarudia mara sita. Akalia mara sita.
Laki tatu mkononi, asante mama,
jenereta ikazimwa.

Rangi ilikuwa ya mafuta.
Sechelela alisugua kwa mchanga, kwa majivu,
kwa petroli ya bodaboda ya mwanawe.
Masizi yalitoka. X ikazidi kung'aa.
Mpangaji wa chumba cha uani akahama usiku
na deni lake.
Jirani akaleta unga na pole.
Chilongani akaleta mteja, bei ya msiba.

Jumatatu wakapita watu wa jiji.
"Hii alama kachora nani?"
"Ya sinema, baba."
"Sinema."
Kijana akatazama daftari, akatazama ukuta.
Nyumba haimo.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa mpya,
akaandika.

Filamu imeonyeshwa juzi, hotelini, kwa kadi.
Mwanawe alimpeleka abiria, akachungulia mlangoni:
watu walicheka mpaka wakafuta machozi.
Sechelela alimuuliza jambo moja tu,
"Nyumba imetoka vizuri?"