Namba Kumi na Sita

Kwenye ramani ya kampuni visiwa vyetu havina majina,
vina namba, kama vyumba vya hoteli.
Wageni huniuliza mezani, siagi vidoleni,
"Kesho tunalala saba au kumi na moja?"
Najibu saba, nanga inashika vizuri pale,
wala sisemi kwamba saba ni kwao mama,
na kwamba kwenye gati lile
shangazi Lupeni aliangusha meno yake ya bandia majini
kwa kucheka, siku ya harusi.

Mimi mpishi. Naitwa Ungatea.
Namenya viazi vikuu huku jiko likiyumba,
nahesabu maji ya tangi, nahesabu vitunguu,
na upepo wa kusini-mashariki ukipanda
naitwa juu kuvuta kamba ya tanga,
maana nahodha ana mkono mmoja mbovu
na kiburi kizima.

Safari hii wako watatu:
Bwana Ewart, mstaafu wa posta, kutoka Invercargill,
binti yake Rhona, na mume wa Rhona
aliyetapika tangu Neiafu hadi namba nne,
akiomba radhi kila mara, kwa adabu, ndani ya ndoo.

Bwana Ewart anataka kumi na sita tu.
Alifika na mkewe, wakati wa fungate.
"Matumbawe," anasema, na mikono yake
inapanda bustani hewani: ya zambarau, ya manjano,
mengine yamejikunja kama kabichi.
"Isobel alilia ndani ya miwani.
Umewahi kuona mtu akilia chini ya maji?"
Nikasema la. Nikageuza samaki.

Jumapili hapa hakuna kutweka tanga.
Kengele zinakumbushana kilima kwa kilima.
Rhona alinuna: amelipia siku saba, si sita.
Nikawafunga mikeka viunoni, tukaenda kanisani.
Mkwe alisinzia, heri ya benchi lisilosukasuka;
Bwana Ewart, maneno hayajui,
aliimba besi kwa irabu tupu
mpaka wazee wa kwaya wakageuka kumtazama,
wakamsogezea nafasi.

Jumatatu, kumi na sita.
Nahodha aliteremsha nanga mchangani polepole,
kwa heshima ambayo mwamba haukuihitaji tena.
Mzee akashuka ngazi kinyumenyume. Nikamfuata,
maana Rhona anaogopa kina.

Weupe.
Weupe wa sahani zilizoachwa kabatini, nyumba ikahamwa.
Matawi yote yamesimama, hayakuvunjika,
ndiyo sababu inauma.
Samaki mmoja akiguguna, kama mtu
anayerudi jikoni usiku na kukuta sufuria tupu.
Niliangalia miwani yake. Sikuona machozi,
niliona macho yakitafuta anwani.
Akanyoosha kidole: hapa. Na hapa.
Kisha chini ya ukingo, mahali palipojificha jua,
kipande cha zambarau, upana wa kisahani cha chai.
Hakushangilia. Nami sikushangilia.
Tulielea juu yake mpaka vidole vikakunjamana.

Sitahani, taulo mabegani, akauliza:
"Hii kumi na sita, inaitwaje?"
Miaka sita ya kupika, ni yeye wa kwanza.
"Fangatea," nikasema. "Ufuko mweupe.
Waliolitoa jina walikusudia mchanga."

Akalitamka mara tatu, mara zote vibaya.
Rhona akachukua kalamu, akaifuta namba,
akaandika jina, herufi moja pungufu.
Mkwe akaomba biskuti ya tangawizi,
akala nne.

Wameondoka. Kampuni imeleta ramani mpya, safi.
Ile ya zamani nimeiweka droo ya vijiko.
Ina doa la chai na kosa la tahajia,
sijalisahihisha.
Kesho wanakuja sita, nasikia wanataka saba.
Nimenunua vitunguu.